Kutafiti Biashara na Historia Yake Maktabani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa watu wanaofika kwenye meza ya mkutubi na jina la kampuni mkononi, wasijue pa kuanzia. Kuna wanafunzi wanaoandika tasnifu, kuna wafanyabiashara wanaotaka kulijua soko kabla ya kutia mtaji, na kuna wajukuu wanaotafuta habari za duka la babu yao. Nimejibu kwa urefu pale watu wanapokwama zaidi.

Si kila kitu kipo kwenye intaneti siku hizi? Maktaba ya nini?

Vipo vingi, lakini mtafiti wa biashara hupungukiwa pande mbili. Upande wa zamani, sehemu kubwa ya leja, barua, katalogi za bidhaa na magazeti ya biashara haijawahi kuskaniwa. Imo kwenye maboksi na mikrofilamu. Upande wa leo, ripoti za masoko na hifadhidata zenye hesabu za kampuni huuzwa kwa bei ambayo mtu mmoja hawezi kuimudu. Maktaba ndiyo inayolipia, nawe unasoma kwa kadi yako ya uanachama, pengine kwa sharti la kufika na kukaa kwenye kompyuta zao. Ulizia zana walizolipia kabla hujatoa hata senti yako.

Nina jina la kampuni tu. Nianzie wapi?

Anza kwa kujiuliza: nani alilazimika kuiandika kampuni hii?

Wengi hukimbilia nyaraka za kampuni yenyewe, na wasipozipata hukata tamaa. Lakini hakuna kampuni inayoishi peke yake. Ilisajiliwa, basi msajili aliiandika. Ilikopa, basi mkopeshaji aliichunguza. Ilikata bima, basi wakala wa bima alikwenda kulitazama jengo. Ilishitakiwa, basi karani wa mahakama aliandika yaliyosemwa na pande zote mbili. Ilitangaza bidhaa zake gazetini, ilibishana na wafanyakazi wake, iliomba hataza (haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi) ya mtambo wake, na ilipofilisika gazeti la serikali likatoa tangazo ili wadai wajitokeze.

Chukua karatasi, andika jina la kampuni katikati, kisha ulizungushie majina ya wote walioshughulika nayo. Huo ndio mpango wako wa utafiti. Mkutubi akiiona karatasi hiyo atakusaidia kwa haraka kuliko ukimwambia tu "natafuta habari za kampuni fulani", kwa sababu kila jina ulilolizungushia lina rafu yake.

Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Sababu iliyomfanya mtu aandike ndiyo inayokuonyesha umwamini kiasi gani. Mkopeshaji hana haja ya kuisifu kampuni, anataka kujua kama fedha zake zitarudi. Mwandishi wa tangazo ana kila haja ya kuisifu. Mfanyakazi aliyefukuzwa ana uchungu wake. Ukiwaweka watatu hao meza moja, unaanza kuiona kampuni ilivyokuwa.

Katalogi inanipa matokeo maelfu, au hainipi kitu kabisa. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa ni jina. Kampuni hubadilisha majina na hubadilisha kazi. IBM ilipoundwa mwaka 1911 iliitwa Computing-Tabulating-Recording Company, na jina tunalolijua ilipewa mwaka 1924. Nokia ilianza mwaka 1865 kama kiwanda cha massa ya karatasi, kwa hiyo anayeitafuta kwenye vitabu vinavyohusu simu peke yake anaikosa karne nzima ya maisha yake. Kabla ya kutafuta kwa kina, tengeneza orodha ya majina yote: la mwanzo, la baada ya kuungana na wengine, la kampuni mama, la waanzilishi, na hata la jengo au mtaa.

Kosa la pili ni kutafuta kwa maneno yako badala ya maneno ya katalogi. Wakutubi huvipanga vitabu chini ya vichwa vya mada vilivyokubaliwa. Ukipata kitabu kimoja kinachokufaa, tazama vichwa vya mada vilivyoandikwa kwenye rekodi yake, uvibonyeze, na vitakupeleka kwa ndugu zake. Vilevile, jizoeshe namba za rafu. Maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey huweka uchumi wa uzalishaji kwenye 338, biashara na usafirishaji kwenye 380 na kuendelea, uhasibu kwenye 657, na uendeshaji wa kampuni kwenye 658. Zinazotumia mfumo wa Library of Congress, Maktaba ya Bunge la Marekani, hukupeleka HD kwa viwanda, HF kwa biashara na HG kwa fedha. Kupita mbele ya rafu hizo kwa macho bado kunaleta vitu ambavyo kisanduku cha kutafutia hakivitoi.

Biashara ninayoitafuta ilikuwa ndogo, na haikuacha karatasi. Nifanyeje?

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana hapa ndipo karatasi za watu wengine zinapofanya kazi.

Tazama kwanza vitabu vya anwani za miji, vile vilivyoorodhesha wakazi na biashara zao mwaka hadi mwaka. Usisome mwaka mmoja, shuka nao mfululizo. Mtu anaonekana kama fundi viatu, miaka miwili baadaye ana duka la viatu, kisha anwani inahamia barabara kubwa, kisha jina lake linafuatwa na "na Wanawe", halafu mwaka mmoja halipo tena. Hiyo tayari ni historia, na hapo ndipo unapojua mwaka wa kwenda kuulizia mahakamani au gazetini.

Pili, ramani za bima ya moto. Kampuni ya Sanborn, iliyoanza mwaka 1867, ilichora miji ya Marekani jengo kwa jengo ili mashirika ya bima yajue hatari yanayoibeba. Library of Congress inazo karatasi zipatazo laki saba. Karatasi moja inasomeka hivi: jengo lililopakwa waridi ni la matofali, la manjano ni la mbao, la buluu ni la mawe, la kijivu ni la chuma. Tarakimu ndogo pembeni ni idadi ya ghorofa. Herufi D ni nyumba ya kuishi, S ni duka. Kwenye kiwanda huandikwa mashine zilipo, chanzo cha moto na mwanga, na kama kuna mlinzi wa usiku. Ukiwa na karatasi ya mtaa uleule ya miaka 10 baadaye, unaona banda la mbao limegeuka jengo la matofali la ghorofa tatu, na mlango wa pili umefunguliwa upande wa reli. Mwenye kiwanda huenda hakuandika hata barua moja kueleza kwamba mambo yalimnyookea, lakini rangi ile ya waridi imeshasema.

Tatu, ripoti za mikopo. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1837, Lewis Tappan alifungua New York mwaka 1841 ofisi iliyokusanya habari za uaminifu wa wafanyabiashara kutoka kila pembe ya Marekani na kuziuza kwa wauzaji wa jumla. Ofisi hiyo baadaye ikaitwa R. G. Dun & Co. Makarani walinakili taarifa kwa mkono kwenye majuzuu makubwa, na zaidi ya 2,500 kati ya hayo yamo Baker Library, Harvard. Maingizo ni mafupi na yamejaa vifupisho: umri, ndoa, mali, tabia, kama anakunywa, kama analipa kwa wakati. Vinyozi, washonaji na wajane waliokuwa na maduka ya kofia wamo mle pamoja na matajiri. Sijui chanzo kingine kinachokuletea mfanyabiashara mdogo karibu namna hiyo. Lakini soma kwa tahadhari, kwa kuwa mtoa habari alibeba ubaguzi wa zama zake, na mara nyingi ubaguzi huo uliingia kwenye hukumu ya nani akopeshwe.

Ripoti za mwaka za kampuni zinaaminika?

Zinaaminika kama barua ya mtu anayeomba kazi. Tarakimu zilizokaguliwa zina uzito, barua ya mwenyekiti inataka kukupendeza. Usisome ripoti moja. Weka mezani 10 za mfululizo ukatafute kilichotoweka: idara iliyosifiwa mwaka juzi na mwaka huu haitajwi, mkurugenzi ambaye picha yake haipo, namna ya kukokotoa faida iliyobadilishwa kimyakimya kwenye maelezo ya nyuma. Maelezo hayo ya nyuma, yenye maandishi madogo, ndiyo ya kusoma kwanza.

Jua pia sheria ya wakati huo ilidai nini. Marekani, sheria ya mwaka 1933 na kuundwa kwa SEC, tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa, mwaka 1934 vililazimisha kampuni zinazouza hisa kwa umma kutoa habari nyingi kuliko zilivyozoea. Kabla ya hapo wawekezaji walitegemea vitabu kama vile vya reli alivyoanza kutoa Henry Varnum Poor mwaka 1868, na vya John Moody kuanzia 1900. Maktaba kubwa bado zinavyo. Taarifa za kisasa za SEC zinapatikana bure kwenye mfumo wao wa EDGAR.

Je, kuna nyaraka za biashara za zamani kabisa ambazo mtu wa kawaida anaweza kuziona?

Zipo, na nyingi zilinusurika kwa sababu ambazo hazikuhusiana na historia.

Francesco Datini, mfanyabiashara wa Prato nchini Italia aliyefariki mwaka 1410, aliacha barua zipatazo 150,000 na mamia ya vitabu vya hesabu. Mkusanyiko huo umebaki Prato, na sehemu kubwa imewekwa kwenye mtandao.

Huko Fustat, Cairo ya kale, sinagogi la Ben Ezra lilikuwa na chumba cha kutupia maandishi yaliyochakaa, kwa kuwa karatasi inayoweza kuwa na jina la Mungu haikutakiwa kuharibiwa ovyo. Kwa hiyo humo ziliingia pia ankara, mikataba na barua za wafanyabiashara wa karne ya 11 na 12, walioandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania wakieleza bei, meli zilizochelewa na washirika waliowakopa. Nyingine zinafika hadi India. Vipande zaidi ya 190,000 sasa vimo maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge.

Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki (VOC), iliyoanzishwa mwaka 1602, imeacha takriban kurasa milioni 25, zilizotawanyika The Hague, Jakarta, Colombo, Chennai na Cape Town. Nyaraka za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyopewa hati mwishoni mwa mwaka 1600, zimo British Library, London, pamoja na zile za ofisi ya serikali iliyoirithi. Zote kwa pamoja hujaza rafu za kilomita kama 14.

Usiogope ukubwa wake. Hakuna aliyewahi kuzisoma zote, nawe hutakiwi. Omba mwongozo wa mkusanyiko, ule unaoeleza boksi lipi lina nini, na usome huo kwa siku nzima kabla ya kuagiza boksi la kwanza.

Nimeletewa leja, nimeifungua, sielewi kitu.

Omba daftari la kila siku kwanza. Luca Pacioli, mtawa aliyechapisha mjini Venice mwaka 1494 maelezo ya uhasibu ambao wafanyabiashara wa mji huo walikuwa tayari wanautumia, alitaja vitabu vitatu: daftari la siku, jarida, na leja. Mpangilio huo uliendelea kwa karne nyingi. Muamala huanza kwenye daftari la siku kwa maneno: fulani amechukua kitu fulani, atalipa lini, nani alishuhudia. Kwenye jarida hupangwa, na kwenye leja hubaki jina, kiasi, na tarakimu ndogo pembeni. Tarakimu hiyo pembeni ni ya kukurudisha nyuma, inakuambia ukurasa wa jarida ambako habari imetoka. Ukishaijua, leja haiwi tena ukuta wa namba. Unafuata deni la mtu mmoja kutoka siku alipobeba mzigo hadi siku lilipofutwa, na pembeni pengine karani ameandika kwamba amefariki.

Mambo mawili yanawatega wengi kwenye nyaraka za Uingereza. Fedha: hadi Februari 1971, peni 12 zilifanya shilingi moja, na shilingi 20 zilifanya pauni, hivyo jumlisha safu kwa safu. Tarehe: kabla ya mwaka 1752, mwaka wa kisheria Uingereza ulianza Machi 25. Barua ya Februari 1720 iliandikwa baada ya ile ya Desemba 1720. Nimeona hoja nzuri ikivunjika kwa sababu mtafiti alizipanga barua kinyume, jibu likatangulia swali.

Nawezaje kujua pauni 50 za mwaka 1850 ni kiasi gani leo?

Usizidishe kwa namba moja ukaridhika. Tafuta kwenye chanzo kilekile fedha hiyo ilifanya nini: ilimlipa kibarua kwa siku ngapi, ilikodi ghala kwa miezi mingapi. Msomaji wako ataelewa zaidi ukimwambia deni lilikuwa mshahara wa karani wa mwaka mmoja kuliko ukimpa kiasi cha leo chenye desimali.

Vipi kuhusu watu ambao kampuni haikuona haja ya kuwaandika?

Nyaraka za biashara huandikwa na wenye mali. Kibarua huonekana kama alama ya mahudhurio, mke aliyeendesha duka hufichwa chini ya jina la mume, mtumwa huandikwa kwenye safu ya mali pamoja na mifugo. Ukizisoma kama zilivyo, utaandika historia ya wenye mali peke yao.

Njia ni kuzisoma kwa swali ambalo waandishi wake hawakulikusudia. Uingereza ilipopitisha sheria ya kufuta utumwa kwenye makoloni yake mengi mwaka 1833, ilitenga fidia ya pauni milioni 20, na fidia hiyo walilipwa wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupewa chochote. Lakini ili kulipa, makarani walilazimika kuandika nani alimiliki watu wangapi na wapi. Daftari zile zilitengenezwa kuwatumikia wamiliki. Leo watafiti wanazitumia kufuata fedha hizo zilikoingia baadaye: benki, reli, bima, majumba. Tafuta orodha za namna hiyo kwenye mada yako, zile zilizoandikwa kwa lengo moja na zikahifadhi ushahidi wa jingine.

Chumba cha nyaraka adimu kina masharti gani?

Weka miadi, njoo na kitambulisho, acha begi nje. Penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Kwa karatasi, maktaba nyingi hutaka mikono safi na mikavu kuliko glavu, kwa kuwa glavu hupunguza wepesi wa vidole na karatasi huchanika. Glavu huvaliwa zaidi kwa picha. Boksi moja kwa wakati, folda moja kwa wakati, na usibadilishe mpangilio wa karatasi hata ukiuona umekosewa. Mwite mhudumu. Picha uliza kwanza, na ukiruhusiwa, piga kwanza lebo ya boksi na folda, ndipo karatasi. Picha 300 zisizojulikana zilitoka boksi gani hazitakusaidia kuandika hata tanbihi moja.

Ninaishi mbali na maktaba hizo.

Maktaba yako ya karibu inaweza kukuazimia vitabu kutoka maktaba nyingine. Nyaraka za asili hazisafiri, ila unaweza kuomba nakala. Mwandikie mkutubi swali jembamba. "Je, leja ya mwaka 1868 ina fahirisi ya majina, na jina hili limo?" litajibiwa. "Naomba mlicho nacho kuhusu biashara ya ngozi" litakuletea anwani ya katalogi. Vitabu na katalogi za zamani zilizoskaniwa zipo kwa wingi kwenye maktaba za mtandaoni za HathiTrust na Internet Archive. Hao wa pili ndio wenye Wayback Machine, ambako utaona tovuti za kampuni zilizokwisha kufa, baadhi tangu mwaka 1996.

Mimi si mwanahistoria. Nataka kufungua biashara tu.

Karibu, rafu ni zilezile. Soma magazeti ya sekta yako ya miaka 15 iliyopita na uandike majina ya walioanza kwa kishindo. Kisha tafuta matangazo ya ufilisi uone wangapi wamo. Soma hataza zilizokwisha muda, kwa kuwa uvumbuzi uliomo unaweza kutumika bila kulipia hataza hiyo. Sensa itakuonyesha wateja wako wanaishi wapi na wana umri gani.

Tunazo karatasi za biashara ya familia yetu. Tuzifanyie nini?

Kwanza msizipange upya. Mpangilio alioacha mwenyewe unaeleza namna alivyofanya kazi. Ondoeni raba na vibanio vyenye kutu, wekeni mahali pakavu pasipo jua, mbali na sakafu. Msitupe stakabadhi na daftari za mishahara mkabakiza picha za ufunguzi, kwa sababu picha za ufunguzi ziko kila mahali. Andikeni majina nyuma ya picha kwa penseli laini wakati wazee wanaowajua waliomo wangali hai. Mkitaka kuzikabidhi maktaba, wapigieni kabla ya kupeleka, na mkubaliane kwa maandishi nani ataruhusiwa kuzisoma na kuanzia lini. Kama kuna barua zinazotaja madeni ya majirani walio hai, ombeni zifungwe kwa miaka kadhaa. Maktaba nyingi hukubali, nanyi hamtalazimika kuzichoma.